Komba juu ya paa: jinsi ya kuishi naye bila sumu wala mganga

Simu ya mama ikilia saa nane za usiku, moyo huenda mbio kabla mkono haujaishika. Ulikuwa usiku wa nne wa Mfungo Mosi, na vitumbua vya Idi vilikuwa bado havijamalizika nyumbani. Mama yuko Ukunda, mimi niko Mombasa, na kati yetu kuna kivuko cha Likoni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kimekuja tena. Kinalia juu ya paa kama mtoto mchanga. Nimesoma Ayatul Kursiy mara saba na bado kinalia."

Nilifika Jumamosi. Kufikia siku hiyo maneno yalikuwa yamekuwa mengi. Shangazi alisema kitu kile kimetumwa. Jirani wa nyumba ya pili akasema kilio kinaanzia kwenye mwembe wa bibi mmoja mjane, mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, anayeishi peke yake na anayejua dawa za miti. Hakuna aliyemtaja kwa jina, lakini kila mtu alijua anayesemwa. Mganga mmoja alikuwa ameshaleta bei yake. Msomaji wa Kwale au Kilifi hana haja ya kuelezwa maneno kama hayo huishia wapi. Wazee wetu wameuawa kwa shutuma ndogo kuliko hiyo.

Kakangu naye, asiyeamini habari za kutumiwa vitu, aliamua kwamba ni panya wakubwa. Alinunua sumu sokoni, akaipaka kwenye vipande vya ndizi na kuvitupa juu ya paa la jiko. Asubuhi paka wa mama alikutwa amekufa karibu na mtungi. Kipande kimoja cha ndizi kilikuwa kimeanguka uani, na mtoto wa dadangu mwenye umri wa miaka 3 alikuwa amekishika. Mama alimpokonya kabla hajakifikisha kinywani. Alhamdulillahi.

Usiku huo baada ya Isha nilikaa barazani na tochi. Haukupita muda mrefu, kitu kikatua kwenye makuti kwa kishindo, kisha kikatoa ule ukelele wake. Nilipomulika niliona macho mawili ya rangi ya moto, masikio makubwa yanayochezacheza na mkia mrefu wa manyoya. Nikamwita mama, "Njoo umuone jini wako." Alitoka na tasbihi mkononi, akatazama, akacheka. Alikuwa komba.

Tangu siku hiyo nimewauliza wagema, mafundi wa makuti na maafisa wa wanyamapori, na nimesoma nilichoweza kusoma. Nayaandika hapa kwa sababu naamini nyumba ya mama si ya pekee. Kuanzia Lamu hadi Vanga kuna watu wasiolala kwa ajili ya mnyama huyu, na kuna wengine wanaoandaa sumu.

KOMBA NI NANI

Komba ni jamaa wa mbali wa kima na tumbili, ila yuko karibu zaidi na lemuri wa Madagaska. Hapa Pwani ya Kenya tunao wa aina mbili ambao mtu anaweza kuwakuta karibu na nyumba.

Wa kwanza ni komba mkubwa, anayeitwa na wanasayansi Otolemur garnettii. Uzito wake ni kama robo tatu ya kilo, na mkia wake ni mrefu kuliko mwili wake. Huyu ndiye anayetua kwenye paa ukadhani mtu amerusha jiwe, na ndiye mwenye kilio kikubwa kinachoanza kwa nguvu na kufifia kidogo kidogo. Komba wa aina hiyo wako pia Unguja na Pemba.

Wa pili ni komba mdogo wa Pwani, ambaye uzito wake haufiki gramu 200. Huyu huruka kama panzi, hula wadudu zaidi, na hulala mchana katika matundu ya miti au katikati ya majani mengi, mara nyingi wakiwa kikundi. Sauti yake ni nyembamba na ya harakaharaka, na husikika sana wakati wa magharibi na alfajiri.

Wote hutembea usiku. Ndani ya macho yao kuna utando unaorudisha mwanga, na ndio sababu tochi huyafanya yawake. Masikio yao wanaweza kuyakunja na kuyanyoosha, wakamsikia mdudu akitambaa gizani. Wana tabia moja nyingine inayohusu nyumba zetu, ambayo ni kujipaka mkojo kwenye viganja na nyayo kisha kupanda na kutembea. Hapo kwenye mkojo nitarudi.

Katika miaka ya 1980 watafiti Caroline Harcourt na Leanne Nash waliwafuata komba usiku katika misitu ya Diani na Gedi. Walikuta kwamba chakula cha komba mkubwa ni karibu nusu matunda na nusu wadudu. Kwa hivyo anapokuwa uani kwako, ana kazi mbili. Anakula embe lako, na anakula mende na panzi wako. Mbegu anazomeza huzitupa mbali na mti mama, na miti mingine ya msituni huota kwa njia hiyo.

KWA NINI ANAKUJA NYUMBANI

Jibu fupi ni kwamba hakuja. Sisi ndio tuliomfuata. Mtu akijenga Diani, Msambweni, Watamu au Takaungu leo, mara nyingi anajenga mahali palipokuwa na msitu au kichaka cha pwani. Mibuyu na mikwaju ikikatwa, komba hana pa kwenda ila kwenye miti iliyobaki, na miti iliyobaki ni miembe, mipera, mistafeli na minazi ya uani kwetu. Paa la makuti kwake ni kama kichaka kingine, lina joto na lina wadudu tele.

Minazi nayo ina kivutio chake. Kila mgema anajua kwamba komba hupanda mnazi unaogemwa na kunywa tembo kwenye kibuyu. Ndiyo maana mtu aliyelewa chakari husemwa amelewa kama komba. Mgema mmoja wa Kigiriama aliniambia amewahi kumkuta komba amelala chini ya mnazi asubuhi, hajiwezi, mbwa wakimnusa. Alimweka juu ya mti akaendelea na kazi yake. Basi ukiwa na jirani anayegema, jua kwamba kwako ni njia ya kwenda na kurudi.

HAKIKISHA KWANZA NI KOMBA

Kabla ya kufanya lolote, mjue mgeni wako. Wanyama wanaoingia kwenye mapaa yetu ni wengi, na dawa ya mmoja si dawa ya mwengine.

Panya hukwaruza na kutafuna, huacha vinyesi vidogo vigumu, na husikika ndani ya kuta na kwenye mifuko ya unga.

Popo hutoka makundi makundi magharibi inapoingia. Kinyesi chao ukikifinya kinavunjika kuwa unga, nacho hurundikana chini ya mahali wanapotokea.

Kanu ni mwembamba, ana madoa na mkia wenye pete. Ukikuta kuku wakubwa wamekatwa shingo, mshuku yeye kabla ya komba.

Komba hutua kwa kishindo, hukimbia juu ya paa badala ya kukwaruza ndani, na hulia. Chini yake utakuta maganda na mbegu za matunda, na harufu kali ya mkojo.

Njia ya uhakika ni niliyoitumia mimi. Kaa nje baada ya magharibi na tochi, ukiwa kimya, kwa nusu saa au saa moja. Mulika kwa muda mfupi tu, maana mwanga mkali unamuumiza macho. Ukimwona, utajua unashughulika na nani. Waite na wenzako wa nyumbani wamwone. Hakuna hotuba itakayomwondolea mtu hofu ya jini kama kumwona komba kwa macho yake.

KUMTOA DARINI

Mara nyingi komba hupita tu juu ya paa na hakai. Komba mkubwa hupenda kulala mchana juu ya miti yenye majani mengi na mitambaazi. Lakini dari ikiwa na uwazi mkubwa, au makuti yakichakaa na kufanya matundu, anaweza kujificha humo. Fuata hatua hizi.

Kwanza, tafuta anapopitia. Mchana zunguka nyumba ukitazama upenuni, kwenye pembe za paa na pale ukuta unapokutana na boriti. Njia yake huwa na alama nyeusi ya uchafu na manyoya, na huwa inanuka.

Pili, kata matawi. Komba mkubwa huruka mita 2 bila taabu. Acha nafasi ya mita 3 hivi kati ya tawi na paa. Si lazima ukate mti mzima. Huo mwembe ndio kivuli chako na pato lako, na mti ukikatwa komba atahamia mwengine ulio karibu zaidi na dirisha. Tawi likiwa karibu na waya za stima, usilikate mwenyewe. Iite kampuni ya umeme.

Tatu, subiri atoke. Hutoka jua likishazama. Akitoka, fundi azibe tundu kwa waya wa kuku ulio imara, aupigilie kwenye mbao. Magunia na matambara hayamzuii. Kwa paa la makuti, badilisha makuti yaliyooza na ushone upya mahali palipoachana, kisha uweke waya upande wa ndani upenuni.

Nne, hakikisha hakuna kitoto ndani. Komba wa huku huzaa zaidi kuanzia Agosti hadi Oktoba hivi, kwa kawaida mtoto mmoja. Ukiziba mama akiwa nje, mtoto atakufa darini, na utaishi na uvundo wake kwa majuma. Kama ni miezi hiyo, fanya subira mpaka mtoto aanze kutembea na mamake, au mtafute kwanza kwa tochi.

Tano, usitie moto wala mafuta ya taa. Nimewasikia watu wakipendekeza kufukiza moshi darini au kumwaga mafuta kwenye makuti ili harufu imfukuze. Makuti makavu, upepo wa bahari na mafuta ya taa vikikutana, hutabaki na nyumba ya kumfukuzia komba.

MATUNDA, KUKU NA TAKA

Komba huja kwa sababu ya tumbo. Ukipunguza chakula cha bure, atapita badala ya kukaa.

Embe na mapera yaliyoiva yachume mapema, na yaliyoanguka yaokotwe jioni kabla ya giza. Mkungu wa ndizi unaokaribia kuiva ufunike kwa gunia mtini, au ukate na kuuivisha ndani. Ndizi zilizo jikoni zifunike kwa kawa au zitie kwenye kabati. Jiko la nje lisilo na mlango ndilo analolipenda zaidi.

Taka zenye chakula ziwekwe kwenye pipa lenye kifuniko kizito au lenye jiwe juu yake. Pipa wazi halimwiti komba peke yake, linaita pia panya, tumbili na nyani.

Komba mkubwa anaweza kula mayai na vifaranga akivipata. Banda la kuku liezekwe, na matundu ya waya wake yawe madogo kiasi kwamba mkono wa komba hauwezi kupita. Funga mlango kabla ya magharibi. Ukimzuia komba kwa njia hii, umemzuia kanu pia.

MKOJO, MAJI NA UDHU

Hapa ndipo mama alipoona uzito zaidi, na naona wasomaji wengi watakubaliana naye. Wengi wetu Pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu mkojo wa mnyama ni najisi. Komba anapotembea juu ya kamba ya nguo, au juu ya mkeka wa kuswalia uliosahauliwa barazani, huacha alama.

Nguo zianuliwe kabla ya magharibi. Mikeka na miswala isilale nje. Palipoingia mkojo, ondoa uchafu wenyewe kwanza, kisha osha kwa maji mpaka rangi na harufu viondoke. Mwenye shaka zaidi amuulize sheikh wa msikiti wake, mimi si mufti.

Kubwa zaidi ni maji ya mvua. Nyumba nyingi za Kwale na Kilifi huvuna maji kutoka kwenye mabati. Kinyesi na mkojo vilivyokaa juu ya paa wakati wa kiangazi vyote huteremka na mvua ya kwanza. Yaache maji ya mwanzo yamwagike nje kabla ya kuelekeza mfereji kwenye tangi, tangi liwe na kifuniko, na mdomo wake uzibwe kwa wavu. Maji ya kunywa yachemshwe. Hilo lilipaswa kufanywa hata kama hakuna komba, maana ndege na panya nao wanatumia paa hilohilo.

Anayesafisha dari iliyokuwa na wanyama avae glavu na afunge kitambaa puani. Anyunyize maji kwanza ili vumbi lisiruke, kisha azoe.

USIMLISHE, USIMFUGE

Kuna hoteli ambazo wageni huoneshwa komba kwa kuwekewa ndizi. Mgeni hupiga picha akaenda zake, na komba huyo akajifunza kwamba mtu ni sahani. Siku ndizi isipokuwapo, ataingia dirishani kuitafuta. Komba anayelishwa kwa mkono ndiye anayeuma mkono.

Wengine humtaka kitoto chake wakamfuge kwa sababu ya uzuri wa macho yake. Msomaji, komba huishi zaidi ya miaka 10 akitunzwa. Atakuwa macho usiku kucha, atapiga kelele, atakojoa kila mahali, na akikomaa atauma. Isitoshe, kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa mbele ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Vivyo hivyo kumuua, kumtega au kumuuza. Ukimwona anauzwa njiani usimnunue kwa huruma, maana pesa yako itamrudisha muuzaji msituni kutafuta mwengine. Ipashe habari ofisi ya Huduma ya Wanyamapori, KWS, iliyo karibu nawe.

UKIKUTA KITOTO PEKE YAKE

Mama komba huwa na desturi ya kumbeba mtoto kwa mdomo, akamwacha mahali penye majani mengi wakati anatafuta chakula, kisha akamrudia. Kwa hivyo kitoto ulichokikuta hakijatupwa. Kama hakina jeraha, kiache palepale. Kama kimeanguka chini penye paka, mbwa au watoto, kiinue kwa kitambaa, kiweke ndani ya kikapu na kukifunga juu ya tawi lililo karibu, kisha uondoke. Magharibi ikiingia, mama atakuja. Usimpe maziwa ya ng'ombe.

Asubuhi ukikikuta bado pale, au ukiona damu, hapo ndipo uombe msaada. Ulio upande wa Diani, lipo shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo hushughulika na mbega na jamaa zao wengine wakiumizwa na magari au stima. Hao ndio waliotundika zile ngazi za kamba juu ya barabara ya Diani ili wanyama wavuke bila kukanyagwa. Kwengineko, KWS ndio wenye kazi hiyo.

AKIKUUMA

Komba hashambulii mtu. Huuma akishikwa, akibanwa chumbani au akitetea mtoto. Akiingia ndani, usimkimbize kwa ufagio. Zima taa za chumbani, fungua dirisha na mlango wa nje, ondoa watoto, toka. Atapata njia mwenyewe.

Akikuuma au akikukwaruza mpaka damu ikatoka, osha kidonda hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uwaambie umeumwa na mnyama wa porini, ili waamue juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Kichaa cha mbwa kinaweza kumpata mnyama yeyote anyonyeshaye, na dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara hakuna tiba. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya mti kabla ya kuosha.

SUMU HAICHAGUI

Nimeiacha sumu mwisho kwa sababu ndiyo inayofikiriwa kwanza. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Huzuia damu kuganda, na mnyama hufa baada ya siku kadhaa akivuja damu kwa ndani. Katika siku hizo huzunguka, na akiliwa na paka, mbwa au bundi, sumu humfuata aliyemla. Ukimuua bundi na paka, umewaua walinzi wako wa panya. Panya watarudi kwa wingi kuliko mwanzo.

Na komba mwenyewe je? Ukimwondoa mmoja na miti ikabaki na matunda, na tundu la paa likabaki wazi, mwengine atachukua nafasi yake. Utakuwa umenunua sumu kila msimu, ukiiweka mahali wanapocheza wajukuu.

Dini yetu nayo iko wazi. Sote tulifundishwa chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumpa mbwa maji. Kujikinga na madhara kunaruhusiwa. Kumtesa kiumbe asiyekudhuru ni jambo jingine.

TULIVYOMALIZA

Kwa mama tulifanya kazi ya siku mbili. Fundi alibadilisha makuti ya jiko upande wa mashariki na kutia waya upenuni. Kakangu, ambaye hakuwa na mengi ya kusema, alikata matawi mawili ya mwembe na kuzika sumu iliyobaki pamoja na ndizi zake. Nilipoulizia baadaye niliambiwa hata kuizika si sawa, kwa kuwa huingia ardhini karibu na kisima. Ilitakiwa kurudishwa kwenye duka la dawa za kilimo au kuulizwa kwa afisa wa afya. Tumeyajua kwa kuchelewa, wewe yajue mapema.

Kazi iliyokuwa ngumu haikuwa ya paa. Ilikuwa ya maneno. Jumapili jioni nilimwomba shangazi, yule jirani na vijana wa mtaa waje barazani kunywa kahawa. Mama akamtuma mjukuu amwite na bibi mjane. Alikuja akiwa na wasiwasi, maana mtu husikia yanayosemwa juu yake hata kama hayasemwi mbele yake. Tukakaa. Kilio kilipoanza kwenye mwembe wake, nikampa kijana mmoja tochi akamulika. Komba wawili, mmoja na mwanawe mkubwa, wakatutazama.

Bibi akasema, "Hawa? Hawa wako hapa tangu nilipoolewa. Marehemu mume wangu alikuwa akiwawekea maganda ya embe." Hakuna aliyemjibu kwa muda. Kisha shangazi akamsogezea sahani ya kaimati.

Komba bado wanalia. Mama hulala. Wiki iliyopita alinipigia simu saa tatu za usiku, akanisikilizisha ule ukelele kwenye simu, akasema, "Huyu hapa, leo amechelewa." Kwa msomaji anayeusikia usiku wa leo na anayeanza kumfikiria jirani, nina ombi moja tu. Kabla hujamwita mganga, na kabla hujamtaja mtu, toka nje na tochi.